Usitaje Namba Kwanza

Mwakingali, Voi
Alasiri, kabla hujarudi kutoka Bura

Wakesho wangu,

Kwanza nikutoe wasiwasi: sijalia. Ukiona karatasi hii ina doa, linuse kabla hujanihurumia. Ni oili. Nitakueleza imefikaje hapa.

Sasa hivi wewe uko Bura unamuaga nyanya yako, na najua anakufungia mboga za kukutosha wewe na Bomeni nzima huko Taveta. Baba yako yuko Mwatate na Kobe, wanachimba mtaro wa maji wa mtu, na kama kawaida yake atarudi akisema mashine imechoka, akimaanisha yeye. Nyumbani nimebaki mimi na ule mtungi wa lita ishirini uliouleta jana, ukauweka nyuma ya mlango wa jikoni, ukaniambia, "Mama, huo usiuguse. Si wetu."

Nimeugusa.

Mambo ya kula, kulala, kuchomekea neti na kufunga mlango sitayaandika. Hayo nimekuimbia tangu Jumapili mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Tena unaenda Taveta tu, si Ulaya. Kuna watu hapa Voi huenda huko asubuhi kununua ndizi na jioni wako kwao wanalalamikia joto. Lakini wewe unaenda kukaa. Unaenda kuwa fundi wa mashine za watu, na kitu cha kwanza ulichoagizwa umimine ndani ya mashine hizo ndicho hicho kilicho nyuma ya mlango wangu. Hapo ndipo raha iliponiishia. Oili ikishaingia kwenye tangi haina jina la aliyeiagiza. Ina jina la aliyemimina.

Najua utasema nini. Ulishasema juzi tukila: "Mama, wewe hata mchungaji akikupa maji ya kunywa utamuuliza ameyatoa wapi." Nikakujibu inategemea kikombe. Baba yako alicheka mpaka ugali ukampalia. Sawa, chekeni. Lakini mimi sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa mtu wa kuamini kila kitu, muulize nyanya yako. Aliyenifundisha kushuku ni pampu.

Siku Kobe alipoletwa ulikuwa bado unang'oka meno. Ulisimama na kidole mdomoni ukiitazama ile ekskaveta ndogo ikishuka kwenye lori kwa minyororo yake, polepole, ikisimama, ikishuka tena, ukasema, "Ni kobe." Likawa jina. Baba yako alitaka iitwe kitu cha kiume zaidi lakini hakuna aliyemsikiliza.

Baba yako, unamjua, ni mtu wa kuongea na udongo. Wauzaji wa vipuri hawawezi. Wakimwambia maneno mawili anasema sawa na kutoka. Kwa hiyo kununua oili ya haidroliki, ile inayousukuma mkono wa Kobe, nikapewa mimi, ambaye mpaka siku hiyo oili niliyoifahamu ni ya kukaangia mandazi. Nikajipanga. Nikamuuliza jirani mmoja mwenye tingatinga, akaniambia bila hata kugeuka, "Hapa Voi na joto hili, haidroliki ni sitini na nane." Hakuniambia ni sitini na nane ya nini. Nami sikuuliza, maana nilitaka kuonekana mke wa mtu mwenye mashine. Nilitembea mpaka dukani nikirudia njia nzima, sitini na nane, sitini na nane, kama mtoto aliyetumwa chumvi. Kufika kaunta nikakaza sauti: "Nipe haidroliki. Sitini na nane."

Muuzaji akainama, akainuka na mtungi. Hakutazama stika. "Hii hapa, mama. Sitini na nane."

Ningeuliza nini tena? Jibu nilishampa mimi mwenyewe.

Huku chini Kobe alifanya kazi vizuri tu, au sisi tuliona vizuri. Kisha msimu wa baridi jirani wa nyanya yako akataka apasuliwe mahali pa kuweka tangi la maji, na Kobe akapandishwa Bura. Ile asubuhi ulikuwepo. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mahindi, na wewe umekaa juu ya gogo na sweta la shule. Baba yako akawasha. Mkono wa Kobe ukainuka kama mzee anayeamshwa aombewe. Halafu ikaanza ile sauti. Nimesikia mengi, lakini sauti ya pampu inayonyonya oili isiyotaka kuja sijaisahau. Ni kama mtu anasaga kokoto huku anapiga mluzi. Ukaziba masikio. Mimi nikasema, "Baba Wakesho, zima." Yeye akasema, "Atapata joto tu," akaongeza moto.

Pampu ilikufa chai ikiwa bado haijachemka.

Fundi aliyekuja kuifungua alichovya kidole kwenye tangi, akakiinua, na ile oili ikabaki inaning'inia hapo kwenye kidole kama asali iliyokasirika. Akaniuliza, "Mama, hii ni nini?"

"Sitini na nane," nikasema.

"Nani kasema?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta aliyesema ni mimi.

Basi hiyo ndiyo hadithi ambayo nyumbani tunaifupisha kwa kusema "Kobe aliugua Bura." Mpaka leo sijui kilichokuwa ndani ya ule mtungi. Fundi alipangusa matope ubavuni mwa tangi la Kobe, chini yake kukatokea kibao kidogo cha bati kilichokuwa kikitutazama siku zote: arobaini na sita. Kilikuwa hapo siku Kobe anashuka kwenye lori. Sisi tulikuwa tumesimama tunabishana juu ya jina.

Haya, na usinicheke mimi peke yangu. Muulize baba yako habari za oili ya breki. Muulize akiwa na chakula mdomoni. Ni yeye aliyekwama huko nyanda za chini akakuta Kobe amepungukiwa oili, akakumbuka kuwa gari lina breki za haidroliki, akajisemea kwa hesabu zake kwamba haidroliki ni haidroliki. Akamimina oili ya breki. Sili za silinda, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke, zililainika zikavimba kama maharagwe yaliyolowekwa, na kwa wiki nzima Kobe alikuwa akidondosha matone kila anaposimama, tukijua alikopita kwa kufuata madoa. Baba yako alisema ni jasho. Neno moja, Wakesho. Hapa kwetu neno moja linabeba mizigo mingi mno. Mafuta ya kupika ni mafuta, ya gari ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, na watu wazima wenye akili zao wanatumana mafuta kwa simu kisha wanashangaa kilichokuja.

Wewe ulisoma haya chuoni, tena kwa michoro, kwa hiyo sitakufundisha kazi yako. Unajua kuwa ile namba ni unene tu. Kubwa ni nzito, ndogo ni nyepesi, na wala kubwa si bora kuliko ndogo, ingawa utakutana na watu wazima watakaokuambia "nipe ile ya juu" kama wanachagua kiti kanisani. Unajua kuwa nyepesi mno ikipata jua la huku inakuwa maji, mkono unalegea na pampu inajisaga. Na nzito mno ikipata asubuhi ya vilimani inagoma kufika. Unajua kuwa hata namba ikiwa ndiyo, bado kuna aina, na mbili tofauti hazichanganywi kwa kuwa tu zote zinateleza. Unajua kuna mashine ndogo zinazotumia oili ya injini kwenye haidroliki yake na hazioni haya, kwa sababu ndivyo aliyezitengeneza alivyotaka. Yote haya umeniambia wewe, mezani hapa hapa, ukinichorea kwenye karatasi ya kufungia nyama. Nilikuwa nakusikiliza, ingawa nilijifanya natafuta kijiko.

Kitu ambacho sidhani walikufundisha ni kaunta.

Sasa turudi kwa mtungi. Msimamizi wako mpya, huyo Mwadime, alipokupigia kwa simu yangu kwa vile yako ilikuwa imezima, nilikuwa nachambua mchicha na masikio yangu yalikuwa wazi. Sauti yake ni nzuri. Hilo lenyewe lilinipa shaka. Alisema, "Binti, ukija pitia pale dukani Voi, kuna mtungi wa sitini na nane nimewaambia wakuwekee. Utie sahihi, uje nao. Mashine zinakusubiri wewe." Nawe ukafurahi. Mashine zinakusubiri wewe. Mimi nikajiuliza: kampuni nzima, na magari yake yanayopita barabara hii kila siku, ina haja gani ya oili kubebwa na mtu ambaye hata hajaanza kazi, kwenye mapaja, pamoja na godoro lake na mboga za nyanya yake? Na kwa nini sahihi iwe ya kwako?

Nilinyamaza. Naomba hilo lihesabiwe. Uliporudi na mtungi jana nilinyamaza tena, isipokuwa nilisema "Mh," na ukasema, "Mama, usianze."

Leo asubuhi ulipoondoka nimeanza.

Stika imekaa upande, kama kofia ya mlevi. Hiyo si hoja. Hata mimi nabandika vibaya. Lakini ile pete ya plastiki chini ya kizibo, inayokatika mtungi ukifunguliwa mara ya kwanza, ilikuwa imeshakatika. Imerudishiwa kwa gundi. Niligusa tu, Wakesho, nakuapia, kwa kidole kimoja, ikanibaki mkononi. Mlango ulishakuwa wazi, nikaingia.

Nikateka kidogo kwenye chupa ya soda. Nikachukua chupa nyingine kama hiyo, nikateka ile arobaini na sita ya Kobe tunayoiweka akiba. Nikaziacha zikae pamoja mpaka zikalingana joto, nikazifunga, nikazipindua pamoja dirishani nione viputo vya hewa vikipanda. Kwenye oili nzito kiputo kinapanda kwa madaha. Hivi viwili vilipanda pamoja, bega kwa bega, kama wanakwaya. Nikarudia. Tena bega kwa bega. Ni kipimo cha jikoni, najua, usiniambie habari za maabara. Lakini kama ya Kobe ni arobaini na sita, na mtungi wako umeandikwa sitini na nane, basi mmoja kati yao anadanganya, na Kobe namjua.

Nikataka kujua pia kama wametia maji. Nikapasha kikaango moto, nikadondosha tone. Yenye maji hulia cha-cha-cha. Hii ilinyamaza, ikafuka moshi tu. Kwa hiyo maji hamna. Kikaango ni kile cha chapati. Nimekiosha. Chapati za leo zikiwa na ladha ya gereji, kula unyamaze, ni za kukuaga.

Nikafunga kilemba, nikaitia chupa kwenye mkoba, nikaenda dukani.

Mwenye duka ni Baba Neema, yule mnene mwenye miwani kwenye kamba. Nikaiweka chupa juu ya kaunta, haina stika, haina kitu. "Baba Neema, shikamoo ya biashara. Hii ni nini?"

Akaiinua kwenye mwanga, akainusa. Akanitazama juu ya miwani. "Unataka iwe nini, mama?"

Nilitamani ungekuwepo. Maisha yangu yote dukani, hakuna mtu aliyewahi kuliweka wazi namna hiyo.

"Mimi sitaki iwe kitu," nikasema. "Nakuuliza wewe."

"Sasa mama, inategemea mashine. Una mashine gani?"

"Sina mashine. Nina chupa."

Akainusa tena, safari hii akatafuta msaada kwenye dari. "Hii, kwa mtu wa shamba, ningesema sitini na nane. Kwa mtu wa hizi mashine ndogo za barabara... arobaini na sita pia si vibaya."

"Na kwa mtu aliyeitoa kwenye mtungi uliouza jana?"

Akaiweka chupa chini. "Wa yule binti anayeenda Taveta?"

"Ni binti yangu."

"Aah, Mama Wakesho. Si ungesema mapema?"

"Ningesema mapema ungeniambia ni sitini na nane."

Akacheka, nami nikacheka, lakini wa kwanza kunyamaza alikuwa yeye. Nilitegemea atanifukuza au ataanza kuapa. Badala yake akainua ubao wa kaunta akanipitisha nyuma ya duka, na hapo pana dramu kubwa ya bluu, stika yake imeloa ikasuguka mpaka imebaki rangi. Wanateka humo, wanajaza mitungi iliyotumika, mitungi inakuja na stika zake za zamani. Wala hakujificha. Kwake hilo ni jambo la kawaida kama kupima sukari.

"Sasa ulijuaje kuwa hii dramu ni sitini na nane?" nikamuuliza.

"Aliyeileta alisema."

"Alisema mwenyewe, au ulimuuliza?"

Akafikiri. Nampa heshima hiyo, alifikiri kweli, mpaka akavua miwani. "Nilimuuliza," akasema polepole. "Nilimuuliza, hii ni sitini na nane?"

Tukasimama pale mimi na yeye tukiitazama dramu. 

Hapo nilipaswa kurudi nyumbani. Lakini, Wakesho, kaa chini kwanza. Umekaa? Nilimpigia Mwadime. Najua. Najua kabisa. Hujaanza kazi na mama yako ameshampigia bosi. Ukitaka kununa, nuna sasa umalize kabla ya safari, maana kununa barabarani kunaleta kichefuchefu. Mimi nilimwendea kumkamata. Nilishamchora kichwani: mtu anayetaka mgeni aje na oili mbovu, ili pampu ikifa, lawama ipate kiti cha kukalia. Lakini nilikumbuka kaunta. Sikumwambia nililolijua. Nikamsalimia, nikamshukuru kwa kukupa kazi, kisha nikamuuliza, "Mashine zako huko zinatumia oili gani?"

Nikamsikia akifunua makaratasi. Kisha akaacha.

"Mama," akasema, na ile sauti nzuri ikawa imeshuka, "kwa kweli sijui. Vitabu vyake nilikuta vimepotea. Hapa kila mtu anasema sitini na nane."

"Na wa kabla yako?"

"Naye alikuwa anasema sitini na nane. Ndivyo alivyoniachia."

"Kwenye tangi hakuna kibao?"

"Labda kipo. Kuna matope."

Kisha, bila mimi kumsukuma, akaniambia kuwa pampu ya mashine moja imeshaanza kupiga mluzi asubuhi, na fundi aliyemimina oili mara ya mwisho hayuko tena hapo. Aliondolewa. Alilisema bila furaha, na nadhani aliniambia kwa sababu lilikuwa likimkaa. Nikamuuliza kwa nini wewe ubebe mtungi na utie sahihi. Akasema gari lao limejaa mabomba, na dukani huwa wanataka sahihi ya anayechukua, ndiyo hivyo tu. Inawezekana. Mimi bado namshuku kidogo, kwa heshima, kama unavyoacha kiporo kidogo kwenye sufuria usiku, huwezi jua.

Lakini uone jinsi jambo lilivyo. Nilitoka hapa nikitafuta mwizi. Nikamfuata kutoka kwenye stika mpaka kwa Baba Neema, kutoka kwa Baba Neema mpaka kwa mtu wa dramu, nikaruka mpaka Bomeni, na kila nilipofika nilikuta mtu wa kawaida aliyeambiwa na mtu wa kawaida. Namba imetembea midomoni mwa watu Voi mpaka Taveta na hakuna hata mmoja aliyewahi kupangusa tangi. Na mwisho wa safari yake huko anasubiriwa mtu mmoja wa kutia sahihi na kumimina. Ningempata mwizi ningelala vizuri zaidi.

Kwa hiyo, mtungi. Nimeufunga, nimeurudisha nyuma ya mlango, kwa sababu sahihi ni yako na kazi ni yako. Baba Neema amesema ukiurudisha kabla ya kuondoka ataupokea bila maneno. Ukienda nao, utafika kama alivyokuagiza mkubwa wako. Ukienda bila, utafika mikono mitupu siku ya kwanza mbele ya wanaume waliozoea sitini na nane, na itabidi useme, "Kwanza nione tangi," na mmoja atacheka, nakuhakikishia, na pengine Mwadime atasahau aliyoniambia leo. Sitakuambia ufanye nini. Usiubebe. Haya, ona, nimeshasema. Basi nilichosema hicho kichukulie kama stika tu, ufungue mwenyewe uangalie ndani.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako nimeweka tambara safi, lile la shuka la zamani lenye maua. Ni la kupangusia vibao. Anza na hilo hata kabla hujasalimia watu vizuri.

Sasa nifike kwenye doa. Baada ya simu nilikaa hapa na ile chupa, kizibo hakikubana, na wakati inavuja juu ya karatasi nilikuwa nawaza jambo jingine kabisa.

Nilikuwa nawaza Jumapili. Tulikuwa tunaanua nguo, nikakuuliza, "Unaenda Taveta kwa sababu kazi ni nzuri, sivyo?" Ukasema, "Ndiyo, mama." Ukakunja shuka. Nikaridhika, nikakuambia habari za neti.

Leo nyuma ya duka la Baba Neema, mbele ya dramu ile isiyo na jina, nilijisikia vibaya ghafla, na haikuwa harufu. Nilikumbuka nilivyokuuliza. Kisha nikaanza kukumbuka nyingine. Umeshiba, sivyo? Ndiyo, mama. Shuleni hakuna shida, ama? Hakuna, mama. Hujakasirika, eh? Sijakasirika. Tangu unang'oka meno nimekuwa nikifika kwenye kaunta yako nikitaja namba, nawe, mtoto mzuri, unainama chini na kuinuka na kile kile nilichoomba. Mimi mtu wa kushuku mchungaji, stika zako zote nimezipokea bila hata kugusa pete.

Kazi hapa zilikuwepo. Baba yako alikuwa tayari akuachie Kobe. Alishaanza hata kukuonyesha ile leva ya kuendeshea inayokwama, na ile haonyeshi mtu. Ukachagua mashine za wengine, kwa wengine. Inawezekana ni kwa sababu kazi ni nzuri. Inawezekana ni kwa sababu ya mtu anayesema "Mh" nyuma ya mlango kila ukileta kitu nyumbani. Inawezekana ni jambo ambalo mimi sina hata neno lake. Nimejaribu kulipima, nimelipindua dirishani, sioni kiputo.

Kwa hiyo sikuulizi leo. Nikikuuliza jioni nikiwa na kijiko mkononi, nitataja namba, najijua, na utanipa.

Nina ombi moja tu. Ukifika Bomeni kesho, usisubiri nikupigie. Nikikupigia mimi nitasema "Umefika salama, eh?" na utasema ndiyo, na tutakuwa tumemaliza. Pangusa kwanza hilo tangi. Kunywa maji. Kisha nipigie wewe, wakati wowote, hata kama ni baada ya siku kadhaa. Nitaipokea simu nisiseme kitu. Baba yako akiniona atadhani nimepatwa na kiharusi, lakini nitashika simu hivyo hivyo, nimenyamaza.

Wewe ndiye utakayeanza.

Mama yako